Kona ya Sinema: Steringi ni Nani Humo Ndani?

Toleo lililopita niligusa kidogo tu muvi ya In the Heat of the Night, ile ya 1967 ya mpelelezi mweusi anayekwama kwenye mji mdogo wa wazungu kule Mississippi, basi barua zimemiminika mpaka nimeshindwa kuzimaliza. Nimechagua tano. Kuna zilizonigusa sana kwa hiyo nitazijibu kwa urefu, nyingine fupi fupi, mnisamehe.

*Shikamoo anti. Mimi na mume wangu tuliitafuta ile muvi tukaiona, wiki iliyofuata tukaona na Mississippi Burning. Sasa nyumbani ni ubishi mtupu. Mume wangu anasema miji ya namna ile haijawahi kuwepo, wametia chumvi ili muvi inoge. Mimi naamini ipo, ila kinachoniudhi ni kingine: mbona anayekuja kuokoa ni mzungu kila mara? Watu weusi wamejaa humo ndani lakini kazi yao ni kulia, kukimbia na kuzikana. Nani ana haki hapo? — Mama wa wawili, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nianze na mumeo.

Mji upo. Mississippi Burning ni ya 1988 na imejengwa juu ya mauaji ya kweli ya tarehe 21 Juni 1964, karibu na mji unaoitwa Philadelphia, siyo ile Philadelphia kubwa, hii ipo kaunti ya Neshoba jimbo la Mississippi. Vijana watatu, James Chaney, mweusi wa miaka 21 wa Meridian pale jirani, na wenzake wawili weupe kutoka New York, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walikwenda kuangalia kanisa la watu weusi lililochomwa moto siku chache kabla. Wakakamatwa na naibu sherifu kwamba wanaendesha kasi, wakawekwa mahabusu, usiku wakaachiwa, alafu naibu huyohuyo akawafuata barabarani akawasimamisha tena na kuwakabidhi kwa kundi la Ku Klux Klan, wale wazungu wabaguzi wa makofia meupe. Miili yao ilipatikana siku 44 baadaye, imefukiwa chini ya tuta la bwawa. Mwaka 1967 watu saba walitiwa hatiani, tena siyo kwa kosa la kuua, ni kwa kula njama ya kuvunja haki za raia, na hakuna hata mmoja aliyekaa ndani zaidi ya miaka sita. Mmoja wa waliopanga mauaji, Edgar Ray Killen, alitoka siku ile kwa sababu mtu mmoja kwenye juri, yaani wale raia wa kawaida wanaoamua kesi, aligoma, akasema hawezi kumfunga mhubiri.

Huyo Killen alikuja kuhukumiwa tarehe 21 Juni 2005. Yaani tarehe ileile, miaka 41 baadaye. Mwambie mumeo aikalie hiyo miaka 41 aifikirie vizuri. Mzee ana mashine yake ya kupasulia mbao, anahubiri, anaingia dukani ananunua sukari, na mji mzima unajua. Mji mdogo hauna siri mwanangu, wewe mwenyewe unajua ukinunua kitanda kipya Jumatatu basi Jumanne jirani ameshajua bei. Kwa hiyo watu kunyamaza miaka 41 siyo kwamba hawajui, ni kazi inafanywa kila siku na watu wengi kwa pamoja, wema na wabaya. Hicho ndo kitu ambacho mi nakitafuta nikikaa kuangalia muvi ya aina hii, na ndo kitu ambacho muvi nyingi hazikionyeshi, zinatuonyesha wanaume watatu wanene wenye bunduki na meno mabaya, tunawachukia, wanakamatwa, tunakwenda kulala.

Sasa nije kwako. Una haki kabisa. Zamani kwenye mabanda ya video tulikuwa na lugha yetu, kuna steringi na kuna adui, na steringi hafi. Ukitaka kujua steringi ni nani usiangalie picha kwenye kava, jiulize tu, ni nani anaonyeshwa akiwa peke yake chumbani anawaza? Nani anaogopa na sisi tukaogopa naye? Kwenye Mississippi Burning ni maafisa wawili wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wamechezwa na Gene Hackman na Willem Dafoe. Watu weusi hatuingii nao chumbani hata mara moja. Na kuna kitu kidogo mwanzoni kabisa ambacho watu wengi wanakipita, ila mimi kiliniuma sana nilipokijua: katika tukio la kweli aliyekuwa anaendesha gari usiku ule ni Chaney, yule kijana mweusi mwenyeji, ndiye aliyezijua zile barabara. Kwenye muvi wamemkalisha kiti cha nyuma. Usukani wamempa mzungu. Sijui kama kuna aliyekaa akapanga kwamba tumdhalilishe, nadhani hapana, nadhani waliona hivyo ndivyo inavyokaa sawa, na hapo ndo pabaya zaidi. Alafu FBI yenyewe iliyofanywa mkombozi, miaka hiyohiyo ilikuwa inasikiliza kwa siri simu za Martin Luther King, kiongozi wa watu weusi waliokuwa wanadai haki zao. Mjane wake Coretta aliikosoa hii muvi waziwazi ilipotoka.

Kwa nini wanafanya hivyo? Hela, na woga. Kwa miaka mingi Hollywood iliogopa kumbi za kusini mwa Marekani. Mji wa Memphis ulikuwa na mkaguzi wa sinema anaitwa Lloyd Binford, mwaka 1947 alipiga marufuku muvi ya kuchekesha ya watoto, inaitwa Curley, kwa sababu tu ilionyesha watoto weupe na weusi wanasoma darasa moja. Watoto! Ukishafanya biashara kwenye hali hiyo miaka thelathini unazoea kumtafuta mzungu mwema wa kumshika mkono mtazamaji mzungu ili asitoke ukumbini kabla ya mwisho, na mazoea yanabaki hata mkaguzi akishakufa.

Ndo maana In the Heat of the Night ilikuwa kitu kingine. Mi niliiona nikiwa binti mdogo, mjomba wangu alikuwa baharia alileta kaseti, tukajazana sebuleni kwa bibi watu kama kumi na tano. Sidney Poitier ni Virgil Tibbs, anasubiri treni usiku stesheni, anakamatwa kwa sababu mji una maiti na yeye ni mweusi na ana hela kwenye waleti. Mkuu wa polisi anamuuliza hela kapata wapi, anajibu anazipata kwa kazi yake, dola 162 na senti 39 kwa wiki, yeye ni mpelelezi. Sebuleni wakapiga kelele. Alafu ikaja ile ya bustani. Tajiri wa pamba, Endicott, yuko kwenye nyumba yake ya vioo na maua yake ya okidi, Tibbs anamuuliza maswali kama anavyomuuliza mshukiwa yeyote, mzee anamchapa kibao, na kabla hujapumua Tibbs anamrudishia. Papo hapo. Bibi yangu alisimama! Mtu wa miguu mibovu, alisimama.

Lakini nilipoiona tena ukubwani nikamuona mtu ambaye utotoni sikumuona kabisa. Pale pembeni amesimama mtumishi, mzee mweusi, ameshika sinia la vinywaji, kayaona yote. Tibbs atapanda treni ataondoka. Yule mzee kesho asubuhi ataamka amtengenezee nani chai? Endicott huyohuyo. Kamera inamuangalia kidogo tu, anatikisa kichwa. Mpaka leo nikiiona hiyo sehemu namuangalia yeye na sinia lake, maana mji mdogo ni yeye.

Mumeo nampa kipande chake cha haki: mji aliouona kwenye hiyo muvi siyo Mississippi. Poitier alikataa kwenda. Mwaka 1964 yeye na Harry Belafonte walipeleka dola 70,000 taslimu kwa vijana waliokuwa wanaandikisha watu weusi kupiga kura mji wa Greenwood, Mississippi, na usiku ule magari ya Klan yakawakimbiza barabarani. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kupiga hii muvi akasema kusini siendi, ikapigwa sehemu kubwa Illinois, mji unaitwa Sparta, wakaliacha jina hilohilo ili wasihangaike kubadilisha vibao. Walishuka siku chache tu Tennessee kwa sababu ya mashamba ya pamba, na Poitier huko alilala na bastola chini ya mto. Sasa fikiria, unaigiza mtu asiyeogopa na usiku una bastola chini ya mto. Muvi ikachukua Oscar tano, sherehe yenyewe ikasogezwa siku mbili kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4 Aprili 1968, na Oscar ya mwigizaji bora akapewa Rod Steiger aliyecheza yule mkuu wa polisi mzungu. Poitier hakuwekwa hata kwenye orodha ya wanaoshindania.

*Habari ya kazi dada. Ni mwalimu wa Kiingereza kidato cha tatu, Iringa. Nataka kuwaonyesha wanafunzi To Kill a Mockingbird baada ya mitihani. Mwenzangu wa idara anasema imepitwa na wakati, inamtukuza wakili mzungu, niachane nayo. Unasemaje?*

Njema mwalimu. Usiachane nayo. Mwenzako anasema kweli, ila kuona kasoro siyo sababu ya kuficha kitu, ndo sababu ya kukifundisha.

Kwa wasioijua: muvi ni ya 1962, Gregory Peck ni Atticus Finch, wakili wa mji mdogo Alabama miaka ya 1930, anamtetea Tom Robinson, kijana mweusi anayesingiziwa kumbaka binti wa kizungu. Ukumbi wa mahakama mafundi waliupima ule wa kweli wa Monroeville, mji alikozaliwa mwandishi wa kitabu, wakaujenga upya Hollywood, ndo maana unaona kama unanusa mbao zake. Ushahidi uko wazi kama mchana. Binti kapigwa upande wa kulia wa uso, yaani aliyempiga anatumia kushoto, na mkono wa kushoto wa Tom umekufa tangu utotoni, uliingia kwenye mashine ya pamba. Juri wanaona kwa macho yao. Wanamtia hatiani.

Wanafunzi wako watalia kwenye sehemu ya roshani, kila mtu analia hapo. Watu weusi wamebanwa juu, chini ni kwa weupe, kesi imeisha, Atticus anakusanya karatasi zake peke yake, na huko juu wanasimama wote kimya, mchungaji anamwambia binti mdogo wa Atticus asimame naye kwa kuwa baba yake anapita. Ni sehemu nzuri sana, sitakudanganya kwamba moyo wangu unabaki mkavu. Lakini ukishafuta machozi simamisha muvi, waulize: aliyetiwa hatiani leo ni nani? Mbona tumesimama kwa ajili ya wakili? Tom kashatolewa kwa mlango mwingine na hatutamuona tena, kifo chake tunasimuliwa tu barazani, eti alikimbia askari akampiga risasi. Mkewe Helen karibu hana la kusema. Wape kazi ya nyumbani, waandike usiku ule nyumbani kwa Helen, nani alikuja, walipika nini, watoto waliambiwaje. Nakuhakikishia utapata insha ambazo hujawahi kuzipata.

Na kama wana umri wa kutosha waonyeshe baadaye Till, ya 2022, ya mwongozaji Chinonye Chukwu. Ni habari ya kweli ya Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekwenda kwa ndugu zake kijijini Mississippi, mahali panaitwa Money, Agosti 1955, akauawa kwa kusingiziwa kumkosea heshima mwanamke wa kizungu dukani. Juri ya wanaume weupe watupu ilichukua dakika 67 kuwaachia wauaji. Chukwu alikataa kutuonyesha kipigo. Kamera kaiweka kwa mama, Mamie, na anapotoa ushahidi mahakamani inakaa usoni kwake muda mrefu, haikimbii, haikati, unamuona akijibu maswali ya kijinga ya wakili kwa heshima zote huku kitu kinavunjika ndani yake. Ni kesi kama ya Atticus, mji kama ule, ila safari hii tunamtazama mama wa marehemu. Weka hizo mbili wiki mbili mfululizo, mwenzako wa idara mwalike aje akae nyuma.

*Anti kuna muvi ya ubaguzi isiyo na damu? Mwanangu ana miaka 9 ameanza kuuliza maswali. — Baba, Nakuru*

Mtafutie Ruby Bridges ya 1998, ni ya mtoto wa miaka sita aliyepelekwa shule ya weupe New Orleans mwaka 1960 akisindikizwa na walinzi wa serikali. Kuna kelele na matusi ya watu wazima nje ya geti, kwa hiyo kaa naye, usimuache peke yake. Mwongozaji ni mwanamke mweusi wa Martinique, Euzhan Palcy, na inaonekana, anajua mtoto anaangalia nini.

*Salamu kutoka kwenye baridi. Nipo mji mdogo jimbo la Minnesota, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nikiwaambia ndugu nyumbani kwamba huku kuna ubaguzi wananicheka, wanasema mbona hupigwi, wao wanajua ubaguzi ni wa kwenye muvi, makofia meupe na misalaba ya moto. Huku hakuna anayenitukana anti. Wananichekea. Ila kuna bibi ninayemuogesha kila asubuhi, nikiingia anachukua pochi anaificha chini ya blanketi, nikimaliza ananishika mkono ananiambia asante mpenzi. Na dukani kuna mtu ananifuata nyuma kila safari akiniuliza kama nahitaji msaada. Muvi ya hiki iko wapi? — Binti wa Kigoma*

Pole sana mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Hilo la pochi na asante mpenzi, asubuhi moja, bibi mmoja, mkono mmoja, nimeliwaza sana, maana huwezi hata kulishtaki popote, ukilisimulia linaonekana dogo. Na ndugu zako siyo watu wabaya, ni kwamba muvi zimewafundisha ubaguzi una sura moja tu.

Muvi yako ipo. Inaitwa Nothing But a Man, ya 1964, nyeusi na nyeupe, haina Klan wala moto. Duff anajenga reli, anampenda Josie, mwalimu, binti wa mchungaji, wanaoana wanakaa mji mdogo karibu na Birmingham, Alabama. Basi. Duff anapata kazi kiwandani, siku moja anawaambia wenzake weusi kwamba tukishikamana watatuheshimu, neno linafika kwa bosi, bosi anamwita kwa upole kabisa anamwambia waambie wenzako hukumaanisha. Anakataa. Kazi hana. Na baada ya hapo kila mlango wa mji anaogonga wameshasikia habari zake. Anapata kituo cha mafuta, wanakuja vijana wa kizungu wanamtania, anajibu, hapo napo kazi hana. Hakuna anayemnyanyulia bunduki, ila unaona mwanaume anavyominywa mpaka anakuja kumsukuma mkewe mwenyewe, mjamzito. Na baba mkwe, yule mchungaji, ni mtu wa amani na wakubwa wa kizungu, anapata vijisenti vya shule, anamwambia Duff jifunze kuishi na watu. Huyo mzee aliniuma kuliko mabosi. Mwongozaji Michael Roemer alikuwa Myahudi aliyezaliwa Berlin, akatolewa Ujerumani 1939 akiwa mtoto pamoja na watoto wengine waliopelekwa Uingereza kuwakimbia Wanazi, kwa hiyo habari ya majirani wanaokugeukia taratibu alikuwa anaijua mwilini.

Ya pili ni Bad Day at Black Rock ya 1955. Treni ambayo haijasimama miaka minne inasimama, anashuka mwanaume wa mkono mmoja, Spencer Tracy, anamtafuta mkulima wa Kijapani anaitwa Komoko. Mji mzima unamtazama. Hotelini chumba hakuna ingawa funguo zote zinaning'inia, gari la kukodi hakuna, simu hakuna, wote wanamjibu nusu nusu. Akifika kwenye kiwanja cha Komoko anakuta nyumba imeungua, kisima, na maua ya porini yameota sehemu moja, na anajua maua yanaota vile pakiwa pamezikwa kitu. Walimuua usiku wa baada ya Japani kupiga Pearl Harbor, na miaka yote ile wameishi na hilo. Hapohapo kumbuka Marekani yenyewe ilikuwa imewafungia kambini watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia. Kile kimya cha mji naona hakijawahi kuonyeshwa vizuri kuliko humo. Ila Komoko mwenyewe hatumuoni hata dakika moja, hakuna uso hata mmoja wa Kijapani kwenye muvi ya mauaji ya Mjapani, na mwanawe aliyekufa vitani Italia akimuokoa yule mgeni naye tunasimuliwa tu. Kwa hiyo muvi inaulaumu mji kwa kumfuta mtu, na yenyewe imemfuta.

Na hao wanaokuchekea, wanaokusifia nywele na kukushika bila ruhusa, hao wamo Get Out ya 2017, ila hiyo ni ya kutisha, usiiangalie usiku unaotoka zamu. Watumie ndugu zako Nothing But a Man kwanza. Na mwanangu, tafuta watu wa kwetu hapo jirani, hata kama ni mwendo wa saa moja, mle ugali mzungumze Kiswahili Jumapili. Usilibebe peke yako.

*Mambo anti. Mi ni fundi umeme, Moshi. Nimependana na binti wa Kihindi, kwao wana duka la vifaa vya ujenzi. Baba yake alikuwa ananipenda, ananiita fundi wangu, ananiletea chai mwenyewe, mpaka siku aliposikia habari yetu, sasa hata kazi za duka kampa mtu mwingine. Rafiki kaniambia nitafute Mississippi Masala. Ni kweli inatuhusu au ni ya Wamarekani tu?*

Poa mwanangu. Inakuhusu mpaka utashtuka.

Ni ya 1991, ya Mira Nair, na inaanzia Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin kawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Jay ni wakili, mzaliwa wa hapohapo, anajiita Mganda, kamsema Amin kwenye redio BBC akakamatwa, na aliyehangaika mpaka kumtoa ni rafiki yake wa tangu utoto, Okelo, mwalimu mweusi. Okelo anamwambia ukweli wa siku zile, kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi, uondoke upone. Jay anasikia neno hilo tu, upendo uliolibeba hausikii. Anapanda basi bila kumuaga. Mkewe anamkumbatia Okelo, binti yao mdogo Mina anamng'ang'ania, Jay anaangalia pembeni.

Miaka inapita, wapo Mississippi, wanaishi kwenye moteli ya ndugu. Na mji ni Greenwood. Mji uleule ambao Poitier alikimbizwa na magari ya Klan, miaka kama 26 baadaye Nair akaingia na kamera kumpiga Denzel Washington akimpenda msichana wa Kihindi kutoka Kampala. Denzel ni Demetrius, anaosha mazulia, gari kakopea benki. Mina anamgonga kwa nyuma. Wenye moteli wanaogopa asije akawashtaki, basi wanamjia na maneno matamu, kwamba sisi wote siyo weupe, lazima tushikamane! Kumbuka hiyo sehemu vizuri. Maana siku wanapomkuta na Mina hotelini Biloxi, walewale wa kushikamana wanamvamia, simu zinapigwa mji mzima, wenye moteli wanamnyang'anya kazi za mazulia mmoja baada ya mwingine, benki nayo inataka hela yake. Chai yako na duka ni hapo mwanangu, sikuhitaji kukueleza.

Na Mina mwenyewe ndani ya jamii yake anahesabiwa. Kina mama wanamsema kwamba binti anaweza kuwa mweusi akiwa na hela, au mweupe asiwe na hela, lakini mweusi tena maskini ataolewa na nani. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kimya, kwa sababu maneno hayohayo na mkorogo wake nimeyasikia kwa shangazi zangu mwenyewe, hakuna Mhindi wala mzungu karibu.

Kuna sehemu Jay na Demetrius wanaongea ana kwa ana. Jay anajieleza kwamba alipoteza kila kitu kwa ajili ya rangi, hataki binti yake aumie. Demetrius anamwambia mnafika huku weusi kama sisi, mkishafika mnaanza kujifanya weupe, na anajigusa shavu lake, kama anasema sema basi ni hii, itaje. Jay hana jibu. Usimchukie Jay lakini. Muvi haimchukii, na ndo ukubwa wake, inakuonyesha mtu aliyebaguliwa kweli, siyo uongo, akibagua kwa kidonda kilekile. Ninachoilaumu ni kwamba ya upande wa Waganda, kwamba Mwingereza ndiye aliyewapanga watu kwenye ngazi, Mhindi katikati na mweusi chini, imeyagusa kwa neno moja mawili tu.

Mwishoni Jay anarudi Kampala kwa kesi ya nyumba yake, anakwenda kumtafuta Okelo. Anaambiwa Okelo alikufa siku nyingi, aliuawa mwaka uleule wa 1972. Anatoka barabarani, kuna watu wanacheza ngoma, Jay anambeba mtoto mdogo mweusi, mtoto anamgusa uso.

Na ya kwetu wenyewe ipo, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ya 2021, kutoka kitabu cha Shafi Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin wa Kihindi na Denge mpigania uhuru. Ianze hiyo ikiwa binti hajisikii maneno mengi ya Kiingereza. Lakini Masala muone wote wawili, na kama kuna namna, mama yake awepo sebuleni. Baba mwache kwanza. Alafu niandikie, nataka kujua yeye alimuangalia nani zaidi pale basi linapoondoka, Jay au Okelo.